Kunguru shingo-nyeupe, mahindi yanayochipua na vifaranga vinavyopotea

Swali: Kamwene mtaalamu. Nina shamba Isimani, Iringa, ekari tatu za mahindi na moja ya alizeti, chini ya vilima vya mawe. Kila mwaka mahindi yakichungulia tu, kunguru wakubwa weusi wenye doa jeupe shingoni wanashuka kung'oa. Vifaranga wanavimaliza, na msimu uliopita mtoto wa mbuzi alikutwa ametobolewa jicho. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu kunguru wa jangwani wanaofanana nao, anasema nchi inavyokauka ndivyo wanavyohamia kwetu. Jirani ananishauri niloweke mahindi kwenye sumu niwatupie. Ni kunguru gani hawa, na nifanyeje?

Jibu: Kamwene. Kabla hujanunua chochote wala kufunga kamba yoyote, fanya kazi moja isiyo na gharama. Siku tatu mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa mbili, kaa mahali pa kujificha uwahesabu. Wakiwa wawili tu kila siku, hao ni majirani zako wa kudumu. Wakiwa thelathini au arobaini, hao ni wageni walioitwa na kitu fulani hapo karibu, na kitu chenyewe mara nyingi hakiko shambani kwako. Hatua za kuchukua zinatofautiana sana, ndiyo maana naanza na hesabu.

Sasa jina lake. Mweusi mkubwa mwenye doa jeupe nyuma ya shingo, anayeshuka kutoka kwenye mawe, ni kunguru shingo-nyeupe. Wataalamu humwita *Corvus albicollis*. Urefu wake ni sentimita 50 na kidogo. Mtazame mdomo: ni mnene, umepinda juu kama mgongo wa jembe lililochakaa, mweusi wenye ncha nyeupe. Weupe wake uko kisogoni tu, mbele koo na kifua ni vyeusi. Akiruka, mkia ni mfupi na mabawa mapana, na sauti yake ni nzito ya kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Ni ndege wa milima na magenge ya miamba, kuanzia Uganda na Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, kwa hiyo nyanda zetu za juu ni kwao hasa.

Usimchanganye na kunguru wa kawaida, *Corvus albus*, yule aliyevaa kizibao cheupe: weupe wake umezunguka shingo na kushuka mpaka kifuani. Huyu ni mwembamba zaidi, mdomo wake ni wa wastani, na hujenga kwenye mti uliosimama peke yake au kwenye nguzo ya umeme, wala hahitaji mwamba. Wote wawili wanaweza kuwa shambani kwako siku moja. Yule wa tatu, mdogo mwenye shingo ya kijivu anayesumbua Dar es Salaam na Zanzibar, ni mgeni kutoka Bara Hindi aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka. Nimemtaja kwa sababu moja tu: habari za kampeni za kuua kunguru unazosikia redioni zinamhusu yeye. Hawa wako ni wenyeji.

Kijana wako ameona vizuri, ila amehitimisha haraka. Kunguru wa jangwani aliyemwona huenda ni shingo-kahawia, anayeishi Sahara mpaka Uarabuni, au ni mkia-mfupi wa Ethiopia, Yemen na kaskazini mwa Kenya. Hao hawajahamia Iringa. Kunguru wako alikuwa kwenye mawe hayo kabla ya shamba lako. Hata hivyo habari za jangwani zina jambo la kukufaa. Huko Marekani, kwenye jangwa la Mojave, California, kunguru wakubwa weusi wameongezeka mara nyingi tangu miaka ya 1960, na jangwa halikuwa limeongeza chakula lenyewe. Watu ndio waliongeza: madampo, mashamba ya kumwagilia, mizoga ya wanyama waliogongwa barabarani, maji ya mabirika, na nguzo za umeme za kujengea viota. Kunguru waliokuwa wachache kwa sababu ya kiu na njaa wakawa wengi, kisha wakaanza kumaliza kobe wadogo ambao gamba lao bado ni laini. Ukame peke yake hauongezi kunguru. Wanaongezeka pale nchi kavu inapowekewa meza ya chakula na maji katikati. Isimani ni nchi kavu yenye barabara ya lami ya kwenda Dodoma, minada, machinjio, mabomba ya maji na mashamba. Meza imeandaliwa.

Turudi kwenye hesabu yako.

Shingo-nyeupe waliokwisha kupata mwenza huishi wawiliwawili mwaka hadi mwaka, na hushikilia genge lao la mwamba kama mtu anavyoshikilia kiwanja chenye hati. Kiota ni rundo la vijiti juu ya ukingo wa jabali, ndani kimetandikwa majani makavu, manyoya na nywele za wanyama. Huku kusini hutaga zaidi kuelekea mwisho wa kiangazi, kwa kawaida mayai matatu hadi matano. Huatamia wiki tatu hivi, na makinda hukaa kiotani wiki tano au sita. Piga hesabu mwenyewe: yai lililotagwa mwishoni mwa Septemba ni kinda linalotoka kiotani mwishoni mwa Novemba, likiwa bado linalishwa na wazazi. Kwenu mvua husubiriwa mwisho wa Novemba au Desemba. Kwa hiyo mahindi yako yanachipua wakati ule ule nyumba ya jirani ina midomo mingi kuliko wakati wowote wa mwaka, nayo mizoga ya kiangazi imeanza kupungua.

Kunguru vijana wasio na wenza na wasio na genge lao hutembea kwa makundi. Hawana makao, wanafuata chakula. Kundi la namna hiyo likionekana shambani, mzizi wake uko ndani ya kilomita chache: shimo la taka, mahali mnapochinjia, mzoga wa ng'ombe uliotupwa korongoni, au ghala ambalo punje zinamwagika mlangoni. Watazame jioni wanaelekea upande gani, na asubuhi wanatokea wapi. Fuata mstari huo kwa miguu mpaka ukipate.

Kwa nini nasisitiza tofauti hii? Chukua mfano. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, ina miche 18,000 hivi. Ekari zako tatu ni miche 54,000. Tuseme kunguru wawili kwa pamoja wanang'oa miche mitatu kwa dakika, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni: ni miche 360 kwa siku, miche 3,600 kwa siku kumi. Ni hasara, ila ni sehemu moja ya kumi na tano, na unaweza kuirudishia. Sasa weka kundi la arobaini wenye kasi ile ile: miche 7,200 kwa siku moja. Kwa siku nane shamba limekwisha. Wawili unawadhibiti kwa kuamia, yaani kukaa shambani ukifukuza ndege, na ujanja kidogo. Arobaini huwawezi kwa kuamia tu. Lazima ukawaondolee kilichowaleta.

Pia thibitisha kwamba ni kunguru kweli. Mara nyingi kunguru anahukumiwa kwa sababu anaonekana, huku mwizi mwenyewe anakuja usiku au yumo ardhini. Kunguru hushika mche kwa mdomo, huuvuta, hula punje iliyobaki chini, kisha huacha kijani kimelala pembeni ya shimo dogo. Ukiona mche umekatwa usawa wa ardhi na punje bado imo ardhini, huyo ni sota, kiwavi anayekata mashina. Fukua sentimita mbili tatu kando ya shina utamkuta amejikunja. Mistari iliyochakurwa kwa mapana, udongo umetawanyika, ni kanga au kwale. Mashimo safi yaliyochimbwa moja moja kabla mahindi hayajachomoza, mara nyingi ni panya au kindi. Kwenye alizeti yako, majani mawili ya kwanza yakinyofolewa na kibua kikabaki kimesimama, shuku njiwa kwanza.

Upande wa kuku, mwewe huja kwa kasi kutoka juu na kunyakua kwa kucha bila kutua. Kunguru hutua, hutembea kwa kuyumba kama mzee mwenye haraka, halafu huchukua kwa mdomo. Nguchiro na kicheche huacha damu na manyoya chini ya kichaka, na mayai huyavunjia palepale. Kunguru aghalabu hutoboa yai ubavuni au huondoka nalo zima.

Sasa kupanda. Hatari ya mahindi kwa kunguru ni fupi sana: inaanza mche unapochomoza, inaisha punje ya chini ikishanyonywa na mizizi kushika, yaani mche ukiwa na majani matatu yaliyofunguka vizuri. Kwa joto la Isimani mahindi hutoka siku ya tano hadi ya nane, na hatari inaendelea siku kumi hadi kumi na nne baada ya hapo. (Anayesoma hili akiwa Makete, Njombe au Uyole ahesabu zaidi, maana baridi huchelewesha kuota hata siku kumi na nne, na mche hukaa mdogo muda mrefu.) Baada ya muda huo kunguru hana faida ya kung'oa, maana chini hakuna kitu. Nguvu zako zote ziweke kwenye dirisha hilo la wiki mbili.

Kina cha shimo kiwe sentimita tano. Udongo wa kichanga unaokauka haraka, saba. Punje iliyofukiwa sentimita mbili hutoka vizuri mvua ikiwa nzuri, lakini mche wake unang'oka kwa mvuto mdogo. Iliyofukiwa sawasawa hukatika shina na kuacha punje ardhini, kunguru akapata jani tu. Akivuta mara kumi akaambulia majani, anahamia kwingine. Kila shimo lifukiwe na kukandamizwa kwa mguu, lisiachwe na udongo uliotifuka unaoonyesha kutoka mbali kwamba hapa pamewekwa kitu.

Halafu mbegu zinazomwagika. Hapa ndipo wengi wanajiharibia bila kujua. Kunguru anaangalia watu wanapanda; yuko kwenye jiwe mita mia mbili, ametulia. Jioni anashuka, anaokota punje zilizodondoka kwenye kingo na mahali mlipowekea mfuko. Akishaonja, anajua mstari unaanzia wapi na kitu gani kimefukiwa ndani yake. Mfuko wa mbegu uwekwe juu ya turubai, anayedondosha punje kwenye shimo ainame, na kabla ya kuondoka mtu mmoja apite kuokota zilizobaki juu. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au kijani zimepakwa dawa ya wadudu na ukungu. Rangi ile haimfukuzi kunguru, ila inaweza kumdhuru kuku wako, hiyo ni sababu nyingine ya kuziokota.

Pilipili usihangaike nayo. Uzio wa pilipili na oili chafu unafaa kwa tembo kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa kuwa tembo ni mnyama anayenyonyesha na mdomo na pua yake vinahisi ukali. Ndege hawahisi ukali wa pilipili. Ukiloweka mbegu kwenye pilipili, umempikia mchuzi.

Panda siku zile zile wanazopanda majirani zako. Shamba linalochipua peke yake, likiwa la kwanza au la mwisho, hubeba kunguru wote wa eneo. Mashamba kumi yakichipua wiki moja, hasara inagawanyika na kila mmoja anaonja kidogo.

Sasa kutisha. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wataalamu wa ndege wanakubaliana nao: kunguru huogopa sana kitu kipya, kuliko ndege wengi. Tatizo ni kwamba anajifunza haraka pia. Kitu kilekile mahali palepale humtisha siku tatu, pengine wiki, kisha anakitumia kama kituo cha kupumzikia. Ndiyo maana sanamu lililosimamishwa mwezi mmoja kabla ya kupanda halina kazi tena siku mahindi yanapotoka. Usiweke chochote shambani mpaka uone miche ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza, simamisha miti ya urefu wa kifua pembezoni na katikati ya shamba, funga utepe wa kaseti za zamani au utepe wowote unaometa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Uzungushe mara kadhaa kabla ya kuufunga, usiukaze sana, uweze kutetemeka na kuvuma upepo ukipita. Nafasi kati ya mstari na mstari iwe mita tano hadi saba upande unaotazama mawe, kwingine hata kumi. Kunguru mwenye mabawa mapana hapendi kushuka mahali asipokuwa na uhakika wa kuruka. Baada ya siku mbili hamisha nusu ya mistari. Nyuzi za nailoni za kuvulia samaki zinafanya kazi hiyo, lakini zinanasa ndege wengine na miguu ya mbuzi. Ukizitumia, ziondoe zote wiki mbili zikiisha.

Kuning'iniza kunguru aliyekufa kunasaidia kwa muda. Ukimkuta amekufa kwa kugongwa na gari, mfunge miguu kwenye mti mrefu, kichwa chini, mabawa yamelegea, naye aonekane kutoka kwenye mawe. Wenzake watakuja kupiga kelele juu yake, kisha watapaepuka. Usimguse kwa mikono mitupu, tumia mfuko wa plastiki. Usipompata, mfuko mweusi uliokatwa vipande virefu kama mabawa na kuning'inizwa hivyohivyo ni mbadala dhaifu lakini si bure. Kumuua mmoja ili umtundike ni jambo jingine, nitalifikia.

Lakini vitu vyote hivi ni wasaidizi. Kinachotisha kweli ni mtu, na mtu anahitajika saa chache tu: saa kumi na mbili alfajiri hadi saa nne, na saa kumi jioni hadi giza linapoingia. Mchana wa jua kali shingo-nyeupe wanapaa na upepo wa kwenye mawe au wamejipumzisha kivulini. Kuamia kuanzia asubuhi hadi jioni kunamchosha mtoto, halafu jioni yenyewe, wakati muhimu, amelala.

Kuna jambo dogo linalofanya kuamia kuwe na nguvu mara mbili. Kunguru wanatambua sura za watu. Kwenye Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kuanzia mwaka 2006 watafiti walivaa barakoa fulani walipokuwa wakiwakamata kunguru. Miaka mingi baadaye kunguru wa hapo waliendelea kumzomea yeyote aliyevaa barakoa ile, na kumwacha mwenye nyingine apite. Hao ni kunguru wa jamii nyingine, lakini akili ya ukoo wao inafanana vya kutosha kuitumia. Anayeamia avae shati moja la rangi kali na kofia moja, siku mbili mfululizo, akimbie kuelekea kwa kunguru kila wanapotua, arushe kokoto kwa kombeo. Siku ya tatu livike sanamu mavazi yaleyale, liweke upande wa pili wa shamba, naye aendelee kuamia upande huu akiwa na nguo nyingine. Kesho yake abadilishe: yeye avae shati, sanamu liondoke. Sanamu lililowahi kukimbiza kunguru, tuseme hivyo, haliko sawa na fimbo iliyovikwa gunia.

Vifaranga. Hapa jibu ni fupi kwa sababu hakuna ujanja: kifaranga kisicho juu yake kitu, wiki sita za kwanza, ni chakula cha kila mwenye mabawa. Kuku jike mmoja na watoto kumi wanatosha kwenye tenga kubwa lililofunikwa kichwa chini, ukilihamisha kila siku kwenye udongo mpya. Wakiwa wengi, tengeneza kizimba cha mita moja kwa mbili, kimo sentimita 60, wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita mbili na nusu, nusu ya juu imeezekwa nyasi ili kuwe na kivuli. Hapo vifaranga ishirini hadi arobaini hukaa mwezi mmoja bila kubanana sana. Chakula na maji viwe ndani. Pumba ikimwagika nje, unamfundisha kunguru kutua nyumbani. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Inaweza kumchanganya mwewe siku chache. Kunguru, ambaye anatazama kwa makini kabla ya kutua, usimtegemee achanganyikiwe.

Wakishaanza kutembea nje, lundika matawi ya migunga yenye miiba sehemu tatu nne za uwanja, yameachwa wazi chini kiasi cha kifaranga kupenya. Kuku jike akitoa mlio wa hatari wana pa kukimbilia, na mdomo mrefu haufiki. Mayai yakusanye mara mbili kwa siku.

Mtoto wa mbuzi. Kunguru huanza na kondo la nyuma, rangi yake ndiyo inamleta. Akifika anamkuta mtoto amelala bado hajasimama, na sehemu laini za kudonoa ni jicho, ulimi na kitovu. Mtoto mwenye nguvu, ambaye mama yake yuko karibu, hamwezi. Kwa hiyo mbuzi aliyekaribia kuzaa asipelekwe malishoni. Azalie ndani ya zizi lenye paa au chini ya kivuli kizito, na mtoto akae humo angalau siku tatu, pacha na dhaifu wiki nzima. Kondo ukalifukie sentimita 60 palepale linapodondoka, juu weka jiwe mbwa asilifukue. Ukikuta mtoto amekufa na jicho limetolewa, usikimbilie kusema kunguru ndiye aliyemuua. Chuna ngozi kidogo kuzunguka jeraha: penye damu iliyovilia chini ya ngozi, alidonolewa akiwa hai, pakiwa pakavu na peupe, alikuwa ameshakufa kwa baridi, njaa au ugonjwa, kunguru akaja baadaye. Ukikuta hali hiyo ya pili, mwite daktari wa mifugo, maana tatizo lako liko kwingine na litachukua mtoto mwingine.

Sasa jirani yako na sumu. Usifanye. Mahindi yaliyolowekwa kwenye dawa ya shambani hayachagui: yatawapata kanga, njiwa wanaoliwa na watoto, kuku wako na wa jirani huyo huyo. Kunguru akifa, maiti yake italiwa na mbwa, na ukitupa mzoga wenye sumu badala ya mahindi ni mbaya zaidi, maana tumbusi watashuka kwa kundi. Nchi yenu iko mlangoni pa hifadhi ya Ruaha, na tumbusi wa Afrika wamepungua vibaya kwa sababu ya mizoga iliyotiwa sumu. Aina kadhaa ziko ukingoni kutoweka. Zile chembechembe za carbofuran, dawa kali ya wadudu, zinazopendwa kwa kazi hiyo zinaua mtu pia, na kiasi kidogo tu kinatosha. Kisheria nako hakuna pa kujificha: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kutega sumu ndege wa porini, hata awe anakula shamba lako. Uharibifu ukizidi, ripoti kwa afisa ugani wa kata na afisa wanyamapori wa wilaya; kama kuna ndege wa kuondolewa, wao ndio wenye mamlaka ya kusema nani aondoe na kwa njia gani.

Ukiweka sheria pembeni, kuwaua wale wawili wa kwenye mawe hakukusaidii. Wao ndio wanaowafukuza kunguru wengine wasikanyage eneo lao, pamoja na yale makundi ya vijana. Genge likibaki wazi, linajazwa. Utaua wawili wanaojua kwamba shamba lako lina mtu mkali, uletewe wengine wasiojua lolote. Na kati ya Februari na Novemba wawili hao wanakula panya, panzi, viwavi na mizoga bila kukudai mshahara. Wakati wa kuvuna watadonoa magunzi yaliyochomoza nje ya maganda. Chagua mbegu ambayo maganda yake yanafunika ncha ya gunzi vizuri, na usianike mahindi yaliyomenywa chini usiku kucha hadi asubuhi.

Kama hesabu yako ilikuwa ya kundi, fanya haya kabla ya mvua, na uyafanye na wenzako kwa kupitia serikali ya kijiji, kwa sababu kaya moja haiwezi. Matumbo na damu za machinjio vifukiwe siku hiyohiyo, shimo la mita moja, udongo juu si chini ya nusu mita. Mzoga wa ng'ombe ufukiwe, au ukiwa mbali na watu ufunikwe kwa miiba mizito. Shimo la taka la kijiji lifunikwe udongo kila wiki kuanzia Oktoba. Wanyama waliogongwa kwenye lami wavutwe kutoka barabarani na kufukiwa, kazi ya dakika kumi ambayo hakuna anayeiona kuwa yake. Bomba linalovuja lizibwe. Kiangazi cha Isimani, dimbwi dogo la maji linaweza kuwa ndilo linaloshikilia kundi zima hapo. Makundi haya yakikosa chakula kwa wiki mbili tatu huhama, nayo yahame kabla punje haijaingia ardhini, kwani yakishaonja mahindi ni kazi nyingine.

Mwisho, mapengo. Siku ya nne baada ya miche kuchomoza, hesabu mashimo matupu kwenye mistari mitano, hatua ishirini kila mstari. Mapengo yakiwa chini ya shimo moja katika kumi, yaache. Mahindi yaliyo kando yatatumia nafasi ile. Zaidi ya hapo, loweka mbegu kwenye maji usiku mmoja, zikaushe kidogo kivulini, urudishie asubuhi kwa kina kilekile. Mbegu zilizopakwa dawa usiziloweke, zipande kavu. Ukishapita siku kumi tangu miche itoke, usirudishie mahindi tena, kwa sababu yatakayotoka yatafunikwa na wenzao na hayatabeba. Weka kunde kwenye mapengo hayo, punje mbili kila shimo, na mistari ya utepe ibaki mpaka kunde nazo zifungue majani mawili, kwa ajili ya njiwa.